Tumbo langu lilikataa chakula cha shangazi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenipata mwenyewe, na sijayatia chumvi.

Nilifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Kisukari kilikuwa kinanimaliza.

Cha ajabu, sukari ilishuka siku chache tu baadaye, mwili ukiwa bado mnene vilevile. Daktari alisema homoni za utumbo zimebadilika, na hata bakteria wanaoishi humo si wale wa zamani. Bakteria hao wana mkono kiasi gani katika kushusha sukari, wataalamu bado wanachunguza.

Nikawa najiuliza: wale wa zamani wameenda wapi? Na hawa ni akina nani?

Nyumbani sikumwambia mtu.

Kisha nikatoka mjini kwenda Nyamira kumwona shangazi aliyenilea. Alisonga ugali wa wimbi, akaunga mboga chungu za chinsaga kwa maziwa. Jirani yake, Mama Kwamboka, alikuwa ameketi nasi.

Tonge la tatu, tumbo likafunga. Kama mlango uliofungwa na mtu aliye ndani.

Nikanawa mikono.

Kwa msiotoka huku: ukiacha chakula cha mtu hivyo, umesema bila kusema kwamba unaogopa sumu yake. Na shangazi ni mjane anayeishi peke yake, tayari majirani walishaanza kumsema kwa minong'ono. Mnong'ono wa uchawi huku umewahi kuchoma nyumba na mwenyewe ndani.

Mama Kwamboka akacheka kidogo. "Ee, kumbe hata wa mjini wameshasikia."

Shangazi akanigeukia. "Hata wewe, mwanangu?"

Ukungu wa mashamba ya chai ulikuwa umefika mlangoni. Kwa muda niliuona kama moshi.

Nikainua blauzi. Nikawaonyesha makovu, nikaeleza yote, hata bakteria.

Mama Kwamboka akasogeza kiti nyuma. "Sasa anayekula humo ni nani?"

Muda huohuo nilikuwa natamani uji mchachu wa wimbi, kitu nilichokichukia tangu utotoni. Nikalisema na hilo.

Shangazi akainuka, akanimiminia nusu kikombe. "Yeyote aliye humo, nyumba hii haimnyimi mtu. Kunywa polepole."

Nikanywa. Uji ukatulia tumboni.

Akamimina cha pili, akakisukuma mbele ya Mama Kwamboka.

Mama Kwamboka akakitazama kikombe. Akanitazama tumbo.

Akanywa chote.

Funzo langu: ukifanyiwa operesheni hii, waambie wanaokupikia kabla hujaketi kwao. Kliniki na vidonge vya vitamini usiache.

Mliopitia haya, nanyi mlianza kutamani vyakula msivyovijua? Semeni, nisijione peke yangu.