Binti wa Jirani Niliyemnyonyesha Wakati wa Vita

Sifa zote ni za Mola aliyeweka riziki ya mtoto kifuani mwa mama kabla mtoto hajajua kuomba. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa subira, ingawa kuna mama mmoja aliyeitumia subira hiyo karibu yote.

Wakati wa vita, hapa Kindu, treni zilikuwa zimesimama, na bidhaa zilikuja kwa ndege, siku ndege ilipotaka kuja. Jirani zetu walikuwa mume na mke kutoka magharibi ya nchi, Wakristo, wasemaji wa Lingala. Mume aliletwa huku na kazi ya reli, vita vikamkuta hapahapa. Mke alijifungua binti, akashikwa na homa kali, maziwa yakakataa kutoka. Ya bwata, yaani ya kopo, yalikuwa yamekwisha sokoni. Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili.

Yule bwana aliingia uani, ndani ya parseli yetu, akiwa amembeba mtoto ndani ya taulo, akasahau hata kusalimia. Nilimpa kiti, nikapokea mtoto, nikasema Bismillahi, nikamnyonyesha. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliridhia, lakini alimweleza jirani waziwazi: "Papa, ujue, kuanzia leo huyu binti ni mtoto wetu pia. Hataolewa na mtoto wetu yeyote. Kwetu ziwa ni undugu kamili."

"Ndiyo, ndiyo, papa," akajibu, kama mtu anayeambiwa kwamba kesho huenda mvua ikanyesha.

Nilinyonyesha miezi minane. Mwanangu ziwa la kulia, binti la kushoto. Mama yake alipona baada ya wiki tatu, maziwa yasirudi, na alipopata nguvu alianza kuamuru. "Mama, usikule pilipili." "Mama, usikule samaki ya moshi, mutoto atanuka." Sijui alitaka nile nini, siku hizo tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na kushukuru. Kisha akaleta saa. Kwao, alisema, mtoto mwenye malezi hunyonya kila baada ya saa tatu. Basi binti analia, mimi nimekaa na blauzi imelowa, na mama anatazama mkono wake.

"Bado dakika kumi na mbili."

Siku moja wifi yangu alikuwapo, akashindwa kunyamaza. "Wifi, huyu mama anazani wewe njo robine ya maji. Anafungua, anafunga."

Nilicheka, lakini kwa kweli nilikuwa nimechoka. Mtoto akishiba, mama yake alimfuta mdomo upesi na kumchukua, kama anayechukua sahani yake aliyoiazimisha. Neno "asante" aliliacha kwa mumewe.

Walipopata nafasi kwenye ndege ya kurudi kwao, mama wa binti alikuja asubuhi peke yake, na kitenge kipya mkononi. Hapo ndipo nilipoona hofu yake. "Mama, usiseme kwa mutu. Mama ya bwana yangu akijua mwanamuke mwingine alimunyonyesha mujukuu wake, atasema mimi niko mukavu. Atamutafutia bwana yangu bibi mwingine." Nilimhurumia. Nikasema ndiyo. Sikuapa, lakini nilisema ndiyo, na kosa hilo ni langu.

Miaka ikapita. Mwanangu yule wa ziwa la kulia alimaliza sekondari, akataka kusoma Kinshasa, ambako hatukuwa na ndugu. Jirani wale walikuwa wanaishi huko, na walikuwa hawajatusahau. Kila Idi mume alipiga simu. Nikamtuma mwanangu kwao. Nilimwambia tu kwamba ni watu tulioshirikiana nao katika vita. Mengine nilimwachia mama wa binti: mumewe alikuwa amemfikishia maneno ya mume wangu, na nyumba ilikuwa yake.

Mwaka jana, baada ya swala ya Alasiri, simu ililia. Mwanangu alikuwa anacheka. "Mama, nimepata mchumba, na wazazi wake unawajua." Kabla sijajibu, simu ilichukuliwa na mama wa binti, sauti yake imejaa vigelegele.

"Mama! Sasa tuko bakwe!"

Nikamwomba aende chumbani, mbali na watoto. Nikamuuliza kama amesahau.

"Sijasahau. Si njo vizuri? Ulimulisha, sasa atakuja kukupikia."

"Mama, hawa ni kaka na dada."

"Dada wapi? Mimi nilizaa wangu, wewe ulizaa wako. Nikimupa mutoto maziwa ya ng'ombe, atakuwa ndugu ya ng'ombe?"

"Mimi si ng'ombe, mama."

Akapata hila nyingine. "Basi kataa, lakini sema njo dini. Sema hautaki Mukristo. Mutoto asijue ile mambo."

Nilistaajabu. Nimtukane binti niliyemlea kwa damu yangu, niisingizie dini yangu, ili mama mtu mzima asione haya! Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu, nikamweleza. Akauliza alinyonya mara ngapi. Nikasema miezi minane. "Sasa mama, unaniuliza nini?" Kuhusu ahadi, alisema ahadi ya kuficha haramu haina nguvu. Hata hivyo nilifunga siku tatu, kama kafara ya kuvunja ahadi, kwa tahadhari.

Kisha nikampigia mwanangu, nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu. "Sasa kwa nini ulinituma kwao, mama?" Nilimwomba msamaha. Alihama nyumba ile wiki hiyohiyo. Sasa anapiga Ijumaa, anauliza afya yangu, anakata.

Baada ya miezi miwili mama wa binti alipiga tena. Nilijua ni lawama, nikakaa kitako.

"Mama, ulivunja nyumba yangu. Mutoto hanisemeshi. Anasema nilimudanganya maisha yake yote." Akalia, kisha akasema, bila kuona ajabu yoyote: "Umupigie wewe. Mimi hanisikie. Wewe atakusikia."

Nilitaka kumwambia maneno niliyokuwa nayo tangu siku za ile saa. Nikavuta uradi wangu, nikahesabu mpaka mia. Kisha nikaomba namba ya binti, maana hana kosa lolote katika haya, na haki ya mtoto juu ya mama haisubiri mama mwenzangu apate akili.

Alipokea. Tulizungumza mpaka adhana ya Magharibi. Kwanza alinikaripia, na nilistahili. Halafu akauliza kaka yake anaendeleaje, akalia, akauliza tena.

Wewe unayesoma, Mungu akupe watoto wenye kheri, akuepushe na siri zinazoumiza wasio na hatia, na awabariki wote waliokulisha ulipokuwa huwezi kujilisha. Amina.