Kiuno Kimoja, Waganga Mtaa Mzima

Mume wangu aliumia kiuno kwa sababu ya kaka yangu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na miaka ile ya tisini nilikuwa bado na adabu ya kumwacha aamini. Tulikuwa shambani Katindiuka, tumemaliza kupura mpunga. Kaka yangu, aliyekuja kutusaidia kutoka Mahenge, akabeba gunia peke yake hadi kwenye mkokoteni. Mume wangu akamtazama, kisha akavua shati.

"Shemeji, hilo tushike wawili," kaka akamwambia.

"Hili? Huu si mto wa kulalia tu!"

Akainama miguu ikiwa imenyooka, akalinyanyua, akajipinda ili alitupie mkokotenini. Nikasikia "Yalaa!" Gunia likaangukia huku, mwenyewe kule. Akarudi nyumbani Kibaoni amelazwa juu ya mpunga aliotaka kuushinda.

Kumbe mtaa wetu ulijaa madaktari, sisi hatukujua. Wa kwanza aliamuru asitikisike hata kidogo. Wa pili, jirani mwenye mikono kama mchi, alimchua kwa mafuta ya moto mpaka mbwa wakabweka. Wanajumuiya walikuja kumwombea, wakasali vizuri sana, wakamaliza na chai. Mama mkwe alihamia kabisa. Akamkataza mwanawe hata kukaa kitako, kisha akanigeukia.

"Mwanangu alikuwa mzima alipokuoa."

"Ndiyo, mama," nikajibu, nikaenda kuchota maji.

Maji ya kumkandia, maji ya kumwogeshea, supu ya perege, na magunia yaliyobaki shambani. Kumgeuza kitandani kulikuwa kazi kubwa kuliko gunia lenyewe, ila kwa kazi hiyo hakuna aliyekuja kuniombea.

Baada ya wiki mbili za mapumziko hayo matamu, mgonjwa alikuwa amekakamaa kama ubao. Nikaogopa kweli. Nikampakia kwenye baiskeli, nikaikokota mpaka hospitali. Tukapokelewa na mama mmoja mfupi, mtaalamu wa viungo. Tukampa shikamoo, naye akaanza kuuliza.

"Miguu inakufa ganzi?"

"Hapana."

"Mkojo unaushika?"

Shujaa wa magunia akatazama dari. "Naushika."

Akamkunja miguu, akamminya mgongo. "Mfupa ni mzima. Misuli ndiyo imevutika. Nani alikwambia ulale wiki mbili?"

"Watu wote."

"Basi wamekosea wote. Maumivu yakiwa makali, pumzika siku moja au mbili, halafu tembea. Leo mpaka kwa jirani, kesho mbele kidogo. Ukilala, weka mto chini ya magoti. Ila miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikushinda, uje hapa siku hiyohiyo."

Kisha akamfundisha kunyanyua boksi tupu: kunja magoti, mzigo uwe karibu na tumbo, ukitaka kugeuka geuza miguu, si kiuno. Mume wangu akalalamika kwamba haiwezekani. Nikachuchumaa nimwonyeshe kuwa inawezekana. Kuchuchumaa niliweza. Kuinuka, nikashika ukuta.

Yule mama akaniangalia. "Na wewe kinauma tangu lini?"

"Tangu nimzae wa tatu."

"Yuko wapi huyo mtoto?"

"Darasa la pili."

Mume wangu akageuza shingo taratibu. "Mbona hukusema?"

"Ningelala wapi? Kitanda kina mtu."

Nilisema kwa utani, lakini sikuwa nimewahi kulitamka jambo hilo mbele yake.

Tukarudi na mazoezi ya watu wawili. Asubuhi tulitandika mkeka tukakunja magoti pamoja. Mama mkwe akashangaa, akarudi kwake na habari kwamba sala zake zimemponya mwanawe. Mume wangu akawa anatembea mpaka mtoni Lumemo, akimsimamisha kila aliyebeba mzigo ili amfundishe kuinama, kana kwamba elimu hiyo ameivumbua yeye.

Alipopata nafuu, alianza kuchota maji kwa baiskeli, ndoo nusunusu. Kisimani wanawake wakamuuliza kama mkewe amesafiri.

"Yupo," akawajibu. "Anaumwa kiuno."

Wakacheka sana. Jioni akanisimulia amekasirika, akitaka kujua kichekesho ni nini. Nilimwacha akitafakari, nikajinyoosha kitandani, mto chini ya magoti.