Mililita Kumi za Mzee Keynan

Tangu 1994 Kathini alikuwa muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya soko la mifugo Kitengela, na hakuwahi kushindwa kumtoa mgonjwa mpira wa mkojo. Ijumaa moja ya 1999 nusura ashindwe.

Mzee Keynan, mwuza mbuzi, alikuwa kitandani ameukamata mpira wake wa mkojo, ule uliotiwa hadi kibofuni, kama kamba ya beberu. Shuka lilikuwa na matone ya damu.

"Aabo ameuvuta tangu asubuhi," alisema bintiye, Fosiya, akimwita babake kwa Kisomali. "Hataki kuingia msikitini na mfuko wa mkojo."

"Mzee, achilia! Ndani kuna kibaluni nilichokijaza maji, mililita kumi. Ndicho kinashikilia huo mpira. Ukiuvuta hivyo, utajichana njia ya mkojo."

"Basi toa maji yako, sista. Wiki mbili za kuuvaa si zimeisha?"

Zilikuwa zimeisha. Kathini alichomeka sirinji kwenye kimdomo cha pembeni cha mpira, akavuta. Hakuna kitu. Akabadilisha sirinji. Hakuna. Daktari wa zahanati siku hiyo alikuwa Kajiado, na damu iliendelea kudondoka.

Mzee akaushika mpira tena. "Niachie mimi. Nimevuta madume makubwa kuliko huu."

"Aabo, huo si mbuzi!"

Kathini alimshika mzee kiganja. Mkono ule, uliokakamaa kwa kamba, ukamkumbusha jambo.

"Mzee, mbuzi akinasa pembe kwa ua, wewe humvuta?"

"Nimvunje pembe? Huyo unamsukuma nyuma kwanza. Hata mtoto anajua."

Hapo Kathini akaelewa: mzee alikuwa amekivuta kibaluni hadi kikakwama mlangoni mwa kibofu, na kijia cha maji kikabanwa pamoja nacho. Kathini alivaa glavu mpya, akausafisha mpira, akausukuma ndani kidogo, kidogo tu. Mzee aliuma pindo la kikoi.

Maji yakaanza kuingia kwenye sirinji. Tatu. Sita. Nane. Yakasimama. Kathini akangoja. Tisa. Kumi.

Mpira ukateleza nje bila kuvutwa.

"Sasa naenda," mzee akasema.

"Huendi popote kabla hujakojoa mwenyewe. Ukishindwa, unarudishiwa mwingine."

Mzee alikunywa vikombe vitatu vya maji, akangoja, kisha akajifungia chooni. Adhana ikaanza, ikaisha. Kathini na Fosiya walisimama mlangoni, wakitega masikio.

"Fosiya!" sauti ikatoka ndani. "Inatoka! Lete birika nitawadhe!"