Mashimo ya Nchelenge

Shaba iliposhuka bei, wenye pesa wa Lubumbashi waliisahau gofu mara moja. Kazi yangu ni kuchora viwanja vya gofu, na tangu hapo sijachora hata kimoja. Siku hizi nachora mageti ya watu. Basi mwenye kiwanja cha Nchelenge, nilichokiacha nusu bei iliposhuka, aliponipigia simu, akasema tungeanza upya iwapo tu ardhi haijaharibika, sikuuliza hata nauli. Mfa maji haishi kutapatapa.

Asubuhi nilivuka mto Luapula pale Kasenga, nikaingia Zambia. Adhuhuri nilikuwa Mwansabombwe, nikala ubwali, ugali wa huko, kwa samaki, moyoni nimekwisha kurudi kazini.

Alasiri nilifika kiwanjani, ufukweni mwa ziwa Mweru. Njia za kuchezea zilikuwa zimemezwa na majani. Lakini vilima vidogo vyenye mashimo ya mpira vilikuwa vimefyekwa na kufagiwa, vyote. Bendera zilipepea, ila si zangu; zilikuwa vipande vya vitenge. Mtu hakuonekana, ndege hawakulia.

Nikachutama kwenye shimo la kwanza, upana wake ngumi tu. Ndani mlikuwa na shati lililokunjwa vizuri. Katika la pili, kofia. Nikaingiza mkono kuitoa.

“Usitoshe, papa.”

Nyuma yangu alisimama mwanamke mwenye ufagio, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwetu. Aliitwa Mama Odila, mkimbizi kutoka Pweto, ng'ambo kwetu, muuza samaki wa soko la Kashikishi.

“Hii mashimo ni yangu, mama,” nikasema. “Mi njo nilichimbaka.”

Akaweka ufagio chini, akanishika mikono yote miwili.

“Pole, papa. Tuliwaza batu yako bengi balikufaka mu mai. Shimo kadogo hivi ni ya mutu mwenye mwili haikuonekana. Bwana yangu pia, ziwa ilimukamata. Njo nikatia shati yake.”

Sikumwambia kwamba ule ulikuwa mchezo. Na kazi ile niliitaka, jamani. Nikauliza kama yamejaa yote.

“Moja tu haina kitu, ile ya mwisho, karibu na mai. Tunaikombaka na ufagio kila asubuhi. Ni yako, papa. Tulikuchungia.”

Sikwenda kuliangalia.

Kesho yake, nikisubiri kuvuka kurudi nyumbani, mwenye kiwanja akapiga simu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kazi ikisimama, ardhi haikai kuisubiri. Watu huipa kazi nyingine. Nikamwambia haifai, atafute pengine.

“Hakuna hata shimo moja zima?” akauliza.

“Lipo moja,” nikamjibu, “lakini hilo lina mwenyewe.”