Viwanja Vinne na Njia ya Mama Kulwa

Nisikilize kidogo, wewe unayeanza kazi ya mipango miji. Siku yangu ya kwanza ofisini, Shinyanga, Ofisa Mipango Miji Mwandamizi alinikabidhi rula ya vipimo na karatasi ya kuchorea, akasema, "Binti, barabara ya gari kwanza. Baiskeli itajipitia yenyewe." Nikaandika kwenye daftari. Niliifuata kauli hiyo miaka mingi, ingawa nje ya dirisha letu watu walipita na pamba, madumu ya maji, hata vitanda, vyote juu ya baiskeli.

Kazi yetu kubwa ni kutenga matumizi ya ardhi: huku makazi, kule soko, kule viwanda. Ukitenga vibaya, kila anachohitaji mtu kinakuwa mbali, na baiskeli yake inabaki kuegeshwa ukutani. Atapanda bodaboda, na mwenye uwezo atanunua gari. Hakuchagua yeye. Umemchagulia wewe kwa kalamu.

Hilo nilifundishwa baada ya kuhamishiwa upande wa Geita, kwenye mji mdogo wa wachimbaji. Nilichora vitalu vya viwanja vilivyopeana migongo, bila upenyo, na barabara moja pana ya kuzunguka. Tukaupeleka mchoro kwenye mkutano wa hadhara. Akasimama Mama Kulwa, ambaye kila asubuhi alipeleka chakula kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, sufuria mbili zikiwa zimefungwa nyuma ya baiskeli.

"Mayu, mama yangu, hii barabara umeichora ukiwa umekaa kwenye gari?"

Watu wakaangua kicheko.

"Njia yangu umeiingiza chumbani kwa mtu. Nikizunguka huko kwenye malori, wali unafika vijana wameshashuka shimoni. Si bora useme tu nifunge biashara?"

"Mama Kulwa, tofauti ni ndogo," nikamjibu.

"Ndogo? Basi kesho beba wewe."

Ningekataaje mbele ya mji mzima? Asubuhi nikapanda baiskeli yake na sufuria zake, nikazunguka kwa ile njia ya malori niliyoichora mwenyewe iwe barabara. Lori la kwanza lilinipita karibu mno, nikaingia kwenye kokoto, maharage yakamwagikia sketi. Nilipofika maduarani nilimkuta mlinzi peke yake.

"Shikamoo, mama. Wenyewe wameshashuka. Hicho ni cha kesho?"

Siku hiyohiyo nikachora upya: njia ya baiskeli na waenda kwa miguu katikati ya vitalu, na soko dogo likasogea ndani ya makazi. Mkuu wa Idara akaugonga mchoro kwa kidole.

"Viwanja vinne vinapotea! Kwa ajili ya baiskeli?"

"Mkuu, twende ukaone asubuhi. Bila gari."

Alikuja, nampa heshima yake. Akasimama katikati ya ile njia ya Mama Kulwa, mikono kiunoni. Akapita muuguzi, akampisha. Wakapita wanafunzi wamepakizana, akawapisha mmoja baada ya mwingine. Akapita mzee na mbuzi kwenye kapu, akakanyaga majani yenye umande hadi soksi zikalowa. Kisha kengele ikalia nyuma yake.

"Pisha, mkuu, wali unapoa!"

Akapisha akicheka. Tuliporudi ofisini akachukua kalamu. Alisaini.

Tulipomaliza kusimika bikoni, yaani yale mawe ya mipaka ya viwanja, Mama Kulwa alipita katikati yake bila kugusa breki, na wachimbaji wakala wali wa moto. Kuanzia hapo, kila mchoro niliosimamia hadi nastaafu ulianza na njia ya baiskeli, na barabara za gari zikatafutiwa nafasi baadaye. Leo nikipita kwenye mitaa ile naona watoto wanakwenda shule wenyewe, akina mama wanarudi sokoni na mboga kwenye vikapu vya baiskeli, na moyo wangu unajaa. Nawe utaliona hilo katika mji wako, sina shaka.

Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, asubuhi nenda kwenye eneo unalotaka kupima. Fuata alama za matairi ya baiskeli kwenye tope mpaka zinapoishia, na uziweke kwenye karatasi kabla hujachora kitu kingine chochote.