Muziki wa Ng'ombe wa Fidelis

Akili inakataa kabisa, jamani. Fidelis, rafiki yangu na mtunzi wetu wa muziki hapa Kilosa, alianguka juzi stendi ya Mikumi. Presha. Leo tumemzika kijijini Munisagara.

Tulijuana miaka ile biashara huria ilipoanza na mitumba ikajaa sokoni. Katikati ya makoti akakuta violin, nyuzi mbili zimekatika. Wenzake wananunua redio, yeye violin! Nilimcheka mpaka machozi.

Akajifundisha noti, akaunda bendi: violin mbili, filimbi na tromboni. Karibu wote wakulima.

Kisha akatunga "Uani", muziki wa klasiki wa wanyama wa kufugwa. Kuku aliyetoka kutaga alimpa violin. Punda akapewa filimbi. Rehearsal ilikuwa vicheko tu, oh my God.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya ng'ombe.

Alikwenda kuwasikiliza kwa wafugaji. Kule ndama akifa, ngozi yake hujazwa nyasi na kusimamishwa mbele ya mama. Mama huilamba na kuteremsha maziwa, huku akilia kwa sauti ya chini. Kilio hicho ndicho Fidelis alichokiandikia tromboni.

Mzee Athumani, mpiga tromboni, akaweka chombo chini. "Ng'ombe wao wamemaliza mahindi yangu. Leo niwapigie muziki?"

"Mzee wangu, huyu ni mama aliyefiwa."

"Mama gani ana pembe?"

Bendi nzima ikamfuata mzee. Mtaani wakaanza kumwita Fidelis msaliti wa wakulima. Nilimwambia aifute sehemu hiyo, tuendelee na show. Akanijibu, "Na maziwa tuyafute kwenye chai?" Kichwa ngumu yule!

Miaka yote tukapiga kuku na punda, watu wakashangilia. Kila mara aliwauliza wanabendi kama safari hii wako tayari kwa ng'ombe. Kila mara walianza kufunga vyombo. Iliniuma kumwona anakunja karatasi zake.

Leo, kaburi lilipokwisha kufukiwa, Mzee Athumani akasogea kaburini na tromboni. Hakuna aliyemwomba. Akapiga sehemu ya ng'ombe mwanzo hadi mwisho, bila karatasi.

Bila karatasi, Fidelis! Kumbe mzee alikuwa anajifunza peke yake nyumbani, na hakukwambia.

Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani. Ulichokuwa unakisubiri kimepigwa, na sisi wote tumesikia isipokuwa wewe.

Pumzika salama, ndugu yangu.