Sauti ya Kwenye Kanda

Usiku ule nililala juu ya kosa langu, maana kosa lenyewe lilikuwa uvunguni.

Lilikuwa ngoma ya marehemu Bibi. Jioni niliibeba hadi kwenye banda la mpira, kwa kuwa mabenchi hujaa mapema na mimi sipendi kusimama kama mlingoti. Niliikalia kistaarabu kabisa mpaka tulipofunga goli. Nikaruka kama wenzangu. Kuruka hakukuwa na shida, shida ilikuwa kushuka. Ngozi ilipasuka, makalio yakazama ndani, na banda zima likaacha kushangilia goli likanishangilia mimi.

Ingekuwa siku nyingine ningetunga uongo mzuri. Lakini asubuhi yake kijana wa kurekodi alikuwa anakuja kutoka mjini, na kikundi cha Bibi hakikuwa kimerekodi tangu tumzike. Wanapiga muheme, ngoma ya wanawake: wanazibana mapajani, na ile ndogo ya kiongozi ndiyo inayoziita nyingine. Ndogo hiyo ndiyo niliyoikalia. Aliyetakiwa kuipiga sasa ni Mama, na wiki nzima alikuwa anawaambia wenzake, "Tafuteni mwingine. Sauti ya kwenye kanda mimi siiwezi."

Kanda hiyo kwetu nani asiyeijua? Ndiyo ya kwanza ya kikundi, redio iliipiga mpaka ikachakaa. Humo ngoma ndogo inalia kavu, ka-ka, kama mtu anayegonga choo chenye mtu. Hakuna aliyeipata tena sauti ile. Hata Bibi mwenyewe.

Basi, nikalala, na Bibi akaja. Hakubisha hodi, hata alipokuwa hai hakuwa na tabia hiyo. Aliketi kitandani, ananukia moshi na ugoro vilevile.

"Sogea, mume wangu. Kaburini nimebanwa, na hapa nako unibane?"

Akainama uvunguni, akaitoa ngoma, akaniangalia kupitia lile tundu.

"Ni panya, Bibi," nikasema.

"Panya mwenye makalio."

Akacheka, na alipocheka ukuta wa chumba ukaondoka zake.

Tuko darasani. Madirisha yamefunikwa mablanketi, kipaza sauti kimoja kinaning'inia kwenye boriti. Wanawake wamevua viatu, kuku wamefukuzwa, na ngoma kubwa imewekwa nje ya mlango kwa sababu inameza sauti za nyingine. Bibi ni kijana, ana meno yote. Yuko hapo mlangoni, anaipasha ngoma yake motoni ili ngozi ikaze, na huku anaongea, anaongea sana, mpaka ngozi inapasuka mikononi mwake.

Mrekodi amekwenda kwenye gari kufuata betri. Wanawake wanamtazama Bibi, na Bibi anatazama chini, penye dumu la njano la lita tano, limejaa maji. Mwenye dumu ni msichana mdogo aliyezunguka nyuma ya darasa, anachungulia kwenye upenyo wa blanketi na haoni ila migongo. Namtambua kwa masikio yake. Ni Mama.

Bibi anamwaga maji, anaweka kifuniko, analifunga dumu kwenye kanga na kulibana mapajani. Mrekodi anarudi, anavaa vifaa vyake masikioni.

Ka-ka. Ka-ka-ka.

Ngoma zote zinaitika, hata ile ya nje, na vumbi linadondoka kutoka darini. Mrekodi amefumba macho. Wimbo ukiisha anauliza, "Mama, hiyo ngoma ni ya ngozi gani?"

"Ya urithi," anajibu Bibi, hata hapepesi.

Halafu si darasa tena, ni uwanja, mvua inanyesha na hakuna anayeondoka. Ni harusi, ni sikukuu, ni jukwaa lenye taa. Kanga zinabadilika rangi, vichwa vinaota mvi, na kila mahali watu wanaitana, njooni, wale wa kwenye kanda wamefika. Vigelegele. Bibi anabebwa juujuu. Kutoka huko juu ananiinamia.

"Wanasifu dumu, mume wangu. Miaka yote wanasifu dumu. Na mwenye dumu nilimchapa kwa kulipoteza. Lilikuwa limepasuka kwa kupigwa, ningesema nini? Mwambie ni mimi niliyelichukua. Mwambie aingie katikati."

"Na ngoma yako je?"

"Utaiwamba wewe. Mbuzi ana ngozi, wewe una mikono."

Nikaamka. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Nikamweleza, nikianza na dumu, si mjinga mimi.

Akaacha kupuliza. "Nani kakwambia habari za dumu?"

"Bibi."

"La rangi gani?"

"Njano. La lita tano."

Akakaa chini. Fimbo zile hakuwahi kumsimulia mtu, hata Baba. Nikaona nimalizie habari ya ngoma palepale, kabla hajasimama. Akasimama. Mwiko ukapanda juu, ukabaki huko kidogo, ukashuka. Macho yake yalikuwa kwenye dumu la mafuta ya kula, pembeni ya jiko. Akayamimina mafuta kwenye sufuria, akalisuuza.

Darasani, mablanketi yaleyale, Mama alipita katikati ya wanawake bila kuitwa, dumu ndani ya kanga, akakaa pale alipokaa Bibi. Ka-ka. Wazee wawili waliobaki wa siku ile walitazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheka, machozi yanatoka. Kisha ngoma zote zikaitika, na mimi huku mlangoni nikasikia vumbi la darini likinidondokea shingoni.

Wimbo ulipoisha kijana wa mjini akavua vifaa vyake masikioni taratibu.

"Mama, samahani. Hii ndiyo ngoma ile ile ya kwenye kanda?"

Mama akanitazama mimi kwanza. Halafu akasema:

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Ilichelewa tu kurudishwa."